Sura ya Sita: Nani Alikuwa Anaandika?

Sasisho la programu ya ofisini linapokwama katikati na kutoa ujumbe kwamba faili fulani halikuweza kuandikwa, hatua zinazofuata zinajulikana karibu katika kila idara ya TEHAMA. Fundi anabofya kitufe cha kujaribu tena. Kikigoma, anaizima seva na kuiwasha upya. Ikigoma tena, anaingia kwa akaunti ya msimamizi na kuifungulia folda nzima ruhusa zote kwa kila mtu. Hilo nalo likishindikana, antivairasi inazimwa. Mahali fulani kati ya hatua hizo sasisho linakubali, watumiaji wanarudi kazini na tiketi inafungwa. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba tiketi ya namna hiyo imefungwa mapema. Ujumbe wa kushindwa kuandika unasema kazi ilikomea wapi. Hausemi kwa nini. Anayeulazimisha mfumo ukubali, bila kujua nani alikuwa anaandika na alijibiwa nini, hajaondoa tatizo. Mara nyingi amelisogeza tu hadi mahali ambapo halitatoa ujumbe wowote.

Sekta ya afya katika ukanda wetu ilishapita njia hii. Kwa miaka mingi kila homa ilitibiwa kama malaria, kwa sababu mara nyingi ilikuwa malaria kweli, na mgonjwa akipata nafuu hakuna aliyerudi kuuliza alikuwa anaumwa nini. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Dawa haikuwa mbaya. Tatizo lilikuwa kwamba dawa iliyofanya kazi mara nyingi ilifunika zile mara ambazo ugonjwa ulikuwa mwingine. Kuwasha upya seva na kufungua ruhusa zote kuna sifa hiyohiyo: husaidia mara za kutosha kumfanya mtu aache kupima.

Kupima kunaanza kwa kuelewa kwamba programu haiandiki kwenye diski kwa mkono wake. Inauomba mfumo endeshi, na mfumo endeshi unakagua kwanza: mwombaji ni nani, ana ruhusa hapo, kuna mwingine aliyelishika faili hilo, nafasi ipo, diski yenyewe inakubali kuandikwa? Ukikataa, haukatai kwa maneno. Unarudisha namba. Katika Windows, 5 maana yake mwombaji amenyimwa ruhusa, 32 maana yake faili limeshikwa na programu nyingine, na 112 maana yake nafasi kwenye diski imekwisha. Linux ina zake: 13 kwa ruhusa, 26 kwa faili la programu ambayo wakati huohuo inaendeshwa, 28 kwa nafasi, 30 kwa mfumo wa mafaili uliofungwa ubaki wa kusomwa tu. Namba hizi ndizo ushahidi wenyewe. Bahati mbaya, kabla hazijamfikia fundi hupita mikononi mwa programu ya kusakinisha, ambayo huzivika sentensi ya jumla. Hitilafu 1310 ya Windows Installer ni mfano mzuri. Inasema imeshindwa kuandika kwenye faili, kisha inamwambia msomaji ahakikishe kwamba ana ruhusa ya kuingia kwenye folda hiyo. Macho ya kila mtu huenda kwenye neno ruhusa, na kutoka hapo hatua ya kufungua folda kwa kila mtu haiko mbali. Katikati ya ujumbe huo kuna sehemu ya namba ya hitilafu ya mfumo, na hiyo ndiyo ya kusoma kwanza, kwa sababu 5 na 32 zinampeleka fundi pande mbili tofauti kabisa.

Namba hizo hujificha pia ndani ya misimbo mirefu ya Windows Update, ile inayoanza na 0x8007. Tarakimu nne za mwisho ni namba zilezile zilizoandikwa kwa heksadesimali, yaani kwa hesabu ya kumi na sita. Msimbo 0x80070005 ni 5. Msimbo 0x80070020 ni mbili mara kumi na sita, yaani 32, faili limeshikwa. Msimbo 0x80070070 ni saba mara kumi na sita, yaani 112, nafasi imekwisha. Ni hesabu ya dakika moja, na inashangaza ni mara ngapi saa nzima hupotea kwa kutoifanya.

Msomaji makini atapinga hapa: vipi kama namba yenyewe inadanganya? Pingamizi hili lina uzito, na limewahi kutokea hadharani. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama la Windows 10, KB5034441, lililorekebisha mazingira ya uokoaji ya kompyuta, kwa sababu kulikuwa na mwanya wa kukwepa ulinzi wa BitLocker kupitia hapo. Kwenye kompyuta nyingi lilikwama kwa msimbo 0x80070643. Tarakimu 643 kwa heksadesimali ni 1603, namba ambayo Windows Installer huitumia kusema tu kwamba usakinishaji umeshindwa, basi. Watu waliangalia diski C, wakakuta makumi ya gigabaiti ziko wazi, wakajaribu tena na tena. Nafasi iliyokosekana haikuwa kwenye diski C. Ilikosekana kwenye ile sehemu ndogo ya diski iliyofichwa, ya uokoaji, ambako sasisho lilihitaji megabaiti 250 zilizo huru. Microsoft yenyewe ilieleza kwamba dosari katika namna hitilafu zilivyoshughulikiwa ilizuia ujumbe sahihi, ule wa kukosa nafasi, usionekane. Kwa hiyo ni kweli, namba inaweza kupotosha. Lakini angalia tofauti ya upotoshaji huo. Namba 1603 haikusema uongo kuhusu chanzo, ilikataa kukitaja. Fundi anayejua kwamba 1603 ni jina la jumla anajua pia kwamba hajapata jibu, na ataenda kwenye logi. Asiyejua hudhani amekwisha kuambiwa, na kitufe cha kujaribu tena hakiwezi kuongeza hata baiti moja kwenye sehemu iliyojaa.

Sasa nirudi kwenye swali lililo kwenye kichwa cha sura, maana ndilo linalosahaulika kuliko yote. Fundi anaingia kwenye seva kwa akaunti yake ya msimamizi, anafungua folda, anatengeneza faili la majaribio kwa mkono wake, linakubali. Anahitimisha kwamba ruhusa ziko sawa na kosa ni la programu. Lakini aliyeshindwa kuandika hakuwa yeye. Windows Installer hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kama huduma, chini ya akaunti ya mfumo iitwayo LocalSystem. Akaunti hiyo ina nguvu nyingi ndani ya kompyuta, ila haina macho ya mtumiaji: diski ya mtandao ambayo fundi anaiona kama Z kwa sababu ameiunganisha katika kikao chake, kwa huduma ile haipo kabisa. Na inapoomba kitu kwenye seva nyingine, hujitambulisha kwa akaunti ya kompyuta, si kwa jina la fundi. Mtu anaweza kujiongezea ruhusa mwenyewe kutwa nzima bila kubadilisha lolote, kwa kuwa anampa ruhusa asiye mwombaji. Kinyume chake pia hutokea: kampuni iliyokaza ulinzi wa seva zake imeiondoa akaunti ya mfumo kwenye orodha ya ruhusa za folda ya programu, na msimamizi yeyote akijaribu kwa mkono anafaulu, lakini sasisho halifaulu kamwe.

Kumjua mwandishi si kazi ya kubahatisha. Kwenye Windows kuna Process Monitor, chombo cha Sysinternals, ambacho kinapatikana bure tangu 2006, mwaka uleule Microsoft ilipoinunua Sysinternals. Kikiwashwa, kinamwaga makumi ya maelfu ya mistari kwa muda mfupi, na wengi hukifunga hapohapo kwa kukata tamaa. Siri yake ni kuchuja. Ondoa mistari yote ambayo tokeo lake ni SUCCESS. Puuza ile ya NAME NOT FOUND, ambayo mingi ni programu inayotafuta kitu kwenye folda moja kabla ya kukipata kwenye nyingine. Tafuta ACCESS DENIED na SHARING VIOLATION. Utabaki na mistari michache, na mmoja wao utakuwa na kila kitu ambacho sentensi ya 1310 ilikificha: saa hadi sehemu ndogo za sekunde, jina la programu iliyoomba, njia kamili ya faili na jibu lililotolewa. Ukibofya mstari huo mara mbili, unaona pia akaunti iliyotumika. Mara nyingi hapo ndipo mjadala mzima wa ofisi unapokwisha, kwa kuwa faili linalogoma si lile lililodhaniwa, au akaunti si ile iliyodhaniwa. Asiyeweza kuwasha chombo hicho kwenye seva ya kazi anaweza kuliendesha sasisho kwa msiexec pamoja na swichi /l*v, ambayo huandika logi ndefu, kisha atafute maneno "Return value 3" ndani yake. Hapo ndipo hatua fulani iliposhindwa. Chanzo huwa juu ya mstari huo, si chini yake. Anayesoma kuanzia mwisho wa logi anasoma namna programu ilivyokuwa ikijifuta, na ni rahisi kuichukulia ile fujo ya kurudi nyuma kuwa ndiyo kosa lenyewe.

Wapo watakaosema: yote haya ni ya wataalamu, kufungua ruhusa zote kunafanya kazi, na ofisi inasonga mbele. Wakati mwingine kunafanya kazi kweli. Lakini fikiria kilichobaki nyuma. Folda ya programu ambayo huduma zake huendeshwa na akaunti yenye nguvu kuliko zote sasa inaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo. Akilibadilisha faili la huduma na kuweka lake, siku huduma itakapoanza upya faili lake litaendeshwa kwa mamlaka ya mfumo mzima. Hii ni mojawapo ya njia za kale na za kuaminika za kujipandisha cheo ndani ya mtandao, na wakaguzi wa usalama huitafuta mapema kabisa. Sasisho lililokuja kuziba mwanya limeacha mwanya mwingine, na huu wa pili hauna namba kwenye orodha ya mtu yeyote.

Kuhusu antivairasi nina msimamo uleule, kwa maneno machache. Ni kweli huwa zinazuia. Tangu 2017 Windows 10 ina ulinzi wa folda unaokataza programu zisizotambulika kuandika kwenye folda zilizolindwa, na kila inapozuia huacha kumbukumbu ya tukio namba 1123. Kumbukumbu hiyo hutaja programu na njia ya faili. Ukiwa nayo, unairuhusu programu moja. Ukiwa huna, unazima ulinzi wote wakati ambao seva inapokea mafaili mengi mapya kuliko siku nyingine yoyote, na sijui muda mbaya zaidi wa kufanya hivyo.

Faili lililoshikwa ni suala pana zaidi, kwa sababu hapa mifumo miwili mikubwa ina falsafa tofauti. Windows haikubali faili la programu inayoendeshwa liandikwe juu yake. Msakinishaji ana njia mbili: amwombe mwenye kulishika aliachie, au aagize faili libadilishwe kompyuta itakapowashwa upya. Agizo hilo huwekwa kwenye sajili, chini ya jina PendingFileRenameOperations, na usakinishaji humaliza kwa namba 3010, ambayo maana yake umefaulu ila bado kompyuta iwashwe upya. Kwenye kampuni yenye mamia ya seva, namba hiyo hupokelewa na mfumo wa kusambaza masasisho, inahesabiwa kuwa mafanikio, na kuwashwa upya kunaahirishwa hadi wikendi, kisha wikendi nyingine. Sasisho linalofuata linakuta nusu ya mafaili ni mapya na nusu yanangoja zamu. Likikwama, lawama zinaliangukia hilo la pili, ambalo halina hatia. Kabla ya kuchunguza hitilafu yoyote ya kuandika kwenye Windows, angalia kwanza kama kuna deni la kuwasha upya.

Linux imechagua njia nyingine. Kwenye Debian na jamaa zake, dpkg huandika faili jipya pembeni, likiwa na jina lenye mwisho .dpkg-new, kisha hulibadilisha jina likakaa mahali pa lile la zamani kwa tendo moja lisilogawanyika. Programu iliyokuwa ikilitumia faili la zamani inaendelea nalo kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi naona huu ndio usanifu bora, kwa sababu umeme ukikatika wakati wa kubadilisha jina, faili linabaki ama la zamani ama jipya, halibaki kipande. Lakini ukimya wake una gharama. Aprili 2014, dosari ya Heartbleed ilipotangazwa, kulisasisha faili la OpenSSL hakukutosha. Huduma zilizokuwa zikiendeshwa ziliendelea kubeba msimbo wenye dosari kwenye kumbukumbu ya kompyuta hadi zilipoanzishwa upya. Hakuna hitilafu iliyoonyeshwa, na hatari ilikuwa palepale.

Linux ina pia mtego wake wa nafasi. Namba 28 husema nafasi imekwisha, fundi anaangalia diski na kuona theluthi nzima iko wazi. Huenda kilichokwisha ni vile vijiandiko vya kusajili kila faili, viitwavyo inodi, baada ya folda moja kujaa mamilioni ya mafaili madogo. Amri df -i huonyesha. Au kinyume chake: fundi amefuta logi kubwa lakini nafasi haikurudi, kwa kuwa huduma bado imelishika faili lililofutwa. Kisha kuna namba 30, na hii katika miji yetu, ambako umeme hukatika na betri za UPS huzeeka bila kubadilishwa, inastahili uangalifu wa pekee. Mfumo wa mafaili wa ext4 ukigundua kwamba rekodi zake zimeharibika, kwenye seva nyingi umepangwa kujifunga ubaki wa kusomwa tu, ili uharibifu usienee. Sasisho linakwama kwa sababu nzuri kabisa. Fundi anawasha upya, ukaguzi wa haraka unapita, sasisho linakubali, na onyo pekee la diski inayokufa limefutika pamoja na ujumbe wa kerneli ambao haukuhifadhiwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la muda. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kupitia mwanya ambao Microsoft ilikuwa imeuziba miezi miwili kabla, 14 Machi. Nchini Uingereza kilivuruga takriban theluthi ya taasisi za hospitali za huduma ya afya ya umma za England. Kwa hiyo, husema wakuu wa idara, sasisho liingie kwanza, maswali baadaye. Nakubaliana nao kwamba kuchelewesha ni hatari. Sikubaliani kwamba kulazimisha ni haraka. Seva iliyosasishwa nusu si seva iliyosogea nusu ya njia kuelekea usalama. Ni seva ya aina ya tatu, ambayo haijawahi kujaribiwa na mtu yeyote.

Kampuni ya Knight Capital ya Marekani ililipa ili dunia ilione hilo. Mwishoni mwa Julai 2012 ilikuwa ikiweka msimbo mpya kwenye seva zake nane za kutuma maagizo ya hisa, na fundi mmoja hakuunakili kwenye seva ya nane. Humo ulibaki msimbo wa zamani uitwao Power Peg, ambao kampuni ilikuwa imeacha kuutumia tangu 2003. Soko lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti, seva hiyo ilianza kumwaga maagizo. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilikuwa imejitwika hasara iliyozidi dola milioni 460. Ripoti ya mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani ina mambo mawili yanayoihusu sura hii moja kwa moja. La kwanza, kabla ya soko kufunguliwa mfumo wa ndani ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi, zikitaja hitilafu na jina la Power Peg, na hakuna aliyezifanyia kazi. La pili linauma zaidi: katikati ya mtafaruku, wahusika waliuondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa, wakidhani ndio wenye kosa, na kwa kufanya hivyo wakaziamsha zote saba zifanye alichokuwa akifanya mgonjwa mmoja. Dakika walizookoa kwa kutouliza seva ipi ina nini zilikuwa dakika za gharama kubwa mno. Kwa hali halisi ya ofisi nyingi, njia ya haraka na salama ni kurudi nyuma kikamilifu hadi nakala rudufu, kisha kusoma namba, kisha kurudia. Anayeanza na nakala rudufu iliyojaribiwa hana haja ya kuogopa kusimama.

Linabaki dai la wale wanaosema kujaribu tena hakuna madhara: mbaya zaidi, litashindwa tena. Waliotengeneza hifadhidata ya PostgreSQL waliamini hivyo kwa takriban miaka ishirini, na ni watu waangalifu kupita wengi katika fani hii. Hifadhidata yao huandika data, kisha huiomba kerneli, kwa wito uitwao fsync, ithibitishe kwamba data imefika kwenye diski. Ikijibiwa kwamba imeshindikana, iliomba tena baadaye. Mwaka 2018 ilibainika kwamba kwenye Linux, baada ya kushindwa mara ya kwanza, kerneli ilizihesabu kurasa za kumbukumbu zilizobeba data hiyo kuwa safi. Ombi la pili lilijibiwa kwamba yote yamefanikiwa, ilhali data haikuwa imefika kwenye diski na isingefika tena. Kujaribu tena ndiko kulikoigeuza hitilafu iliyoonekana kuwa upotevu usioonekana. Matoleo ya PostgreSQL yaliyotoka Februari 2019 yalibadilisha tabia hiyo: fsync ikishindwa, hifadhidata inajisimamisha palepale, kisha inaanza upya kwa kusoma shajara yake ya miamala, ambako data bado ipo. Anayetaka ile tabia ya zamani ya kujaribu tena, lazima aingie kwenye mipangilio na kuiwasha mwenyewe.